Je, Wajua? Mistari iliyojificha kwenye picha za mitaa ya Msamala

Je, wajua kwamba kwenye picha ya nyumba ya matofali ya kuchoma kuna kozi (safu ya matofali) moja tu isiyopanda wala kushuka? Chukua picha ya nyumba yoyote ya Msamala, Songea, ambayo haijapigwa plasta, iliyopigwa kutoka pembeni ili kona ya nyumba ikuelekee. Tazama mistari ya udongo au saruji iliyo kati ya matofali. Kozi za karibu na msingi zinapanda kadiri zinavyokwenda mbali nawe. Zile za juu ya linta zinashuka. Katikati yake ipo moja iliyolala kama imepigwa pimamaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa sawa na kamera. Weka rula juu yake, vuta mstari kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, na hapo umepata upeo wa macho. Mistari mingine yote ya picha inautegemea huo.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaojifunza kuchora hapa Manispaa ya Songea wasiidharau nyumba isiyokwisha. Ukuta uliopakwa rangi unaficha. Ukuta wa tofali tupu una mistari ya kina (inayokwenda mbali nawe) ishirini, thelathini, imeshachorwa na fundi.

Je, wajua kwamba upeo wa macho si pale mbingu inapogusa milima? Hapa ndipo wengi wanapopotea, hasa sisi tunaoishi kwenye miinuko. Ukipiga picha ukielekea Matogoro, safu ambamo mto Ruvuma unachipukia, ule ukingo wa mlima umekaa juu ya upeo halisi, wakati mwingine juu sana. Anayechora akiuchukua ukingo huo kuwa upeo, nyumba zake zote zitaonekana zimetazamwa kutoka hewani. Upeo halisi ni usawa wa jicho, hata kama umezibwa na kilima, miembe au ukuta wa jirani. Katika mkoa wetu wa Ruvuma unaweza kuuona waziwazi ukishuka hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, mahali maji yanapoishia machoni. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yake yakiwa mita 1.6 juu ya maji, huuona upeo huo umbali wa kilomita 4.5 hivi.

Simu iliyoshikwa wima kabisa, bila kuinamishwa wala kuinuliwa, huuweka upeo katikati ya picha. Nusu juu, nusu chini. Ukiukuta umepanda au umeshuka, ama simu iliinama, ama picha imekatwa.

Je, wajua kwamba picha inakwambia urefu wa aliyeipiga? Kwenye uwanja tambarare, watu wote wenye urefu sawa na kamera hukatwa na upeo mahali pamoja, wawe hatua tatu mbele au ng'ambo ya uwanja. Kila Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji mjini Songea kuwakumbuka mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Ukiwa na picha ya mkusanyiko wa namna hiyo, iliyopigwa na mtu aliyesimama kati ya watu, vichwa vya watu wazima vitakuwa kwenye mstari mmoja, wa mbele na wa nyuma. Miguu ndiyo itakayopishana. Kama mpiga picha alipanda juu ya gari, upeo utapita juu ya vichwa vyote. Kama alichuchumaa, utapita viunoni.

Mlango nao ni kipimo. Tuseme mlango wa fremu ya duka una mita 2.1 na kizingiti chake kiko usawa wa ardhi. Upeo ukiukata kwenye robo tatu ya urefu wake, kamera ilikuwa mita 1.57 kutoka chini. Kwenye ardhi tambarare, sehemu ya kitu iliyo chini ya upeo ni sawa na kimo cha kamera, kitu kiwe karibu au mbali. Kwa kanuni hiyo moja unaweza kumwongeza kwenye mchoro mtu ambaye hakuwapo kwenye picha, naye akasimama kwa kimo chake cha kweli.

Sasa tuje kwenye nukta ya kutokomea. Mistari yote iliyo sambamba katika uhalisia, na inayokwenda mbali nawe, hutokomea kwenye nukta moja. Reli ndiyo mfano unaotolewa kila mahali, na wasafiri wa Songea huivuka reli ya TAZARA wakifika Makambako. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 1,067. Ukisimama katikati ukapiga kwa lenzi ya kawaida ya simu na kuchapa picha yenye upana wa sentimita 15, reli zilizo mita 12 mbele yako zitaachana kwa milimita 10 hivi kwenye karatasi. Zilizo mita 24 mbele, milimita 5. Mita 120 mbele, milimita 1 tu. Umbali ukiongezeka maradufu, ukubwa unapungua nusu; hakuna kanuni nyingine iliyofichwa hapo.

Je, wajua kwamba nyumba iliyoonyesha kona ina nukta mbili, na kwamba kwenye picha ya kawaida ya simu haziwezi zote mbili kuwemo ndani ya picha? Ukuta wa kushoto unatokomea kushoto, wa kulia unatokomea kulia, na kwa kuwa kuta zinakutana kwa pembe mraba, nukta hizo haziwezi kukaribiana tutakavyo. Kwa picha ya upana wa sentimita 15 iliyopigwa kwa lenzi kuu ya simu nyingi za leo, umbali kati ya nukta hizo mbili hauwezi kupungua sentimita 22 hivi. Mara nyingi ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo mchoro wa nyumba ambao mchoraji amezibana nukta zote mbili ndani ya karatasi ndogo hutoka na kona kali, iliyochongoka, utadhani jengo linataka kumchoma mtazamaji. Nimeiona kasoro hii kwenye michoro mingi mizuri ya wanafunzi wenye mkono mwepesi kabisa. Mkono haukukosea, karatasi ilikuwa ndogo.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji programu. Chapa picha kwenye duka lolote la stesheneri. Ibandike kwa selotepu katikati ya karatasi ya manila. Laza rula juu ya kozi ya matofali ya juu, uvute mstari utoke nje ya picha hadi kwenye manila. Fanya hivyo kwa kozi ya chini, kwa ukingo wa juu wa dirisha, kwa kizingiti, kwa mstari wa kofia ya bati. Pale inapokutana, weka alama. Ikikutana mbali kuliko rula yako inavyofika, chukua uzi wa kushonea na pini mbili. Vuta mistari mitano au sita, si miwili. Nyumba hujengwa na watu: tofali moja limekaa juu kidogo, dirisha limepinda, baraza limeongezwa miaka mitano baadaye. Mistari itapishana kidogo na kuacha fungu la makutano badala ya nukta moja. Chukua katikati ya fungu hilo, kisha hakikisha liko juu ya upeo ulioupata kwa ile kozi iliyolala. Kama liko mbali nao, kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi ni ardhi.

Ardhi! Hili linatuhusu sana. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake hupanda na kushuka. Je, wajua kwamba barabara inayoteremka ina nukta yake chini ya upeo, na inayopanda ina yake juu ya upeo? Simama mahali ambapo barabara inateremka hadi kwenye kalavati kisha inapanda upande wa pili. Kwenye picha, kingo za mteremko zinaelekea nukta iliyo chini. Kingo za mpando zinaelekea nukta iliyo juu. Na kama barabara haikupinda, nukta hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja wa wima. Lakini nyumba zilizo kando hazifuati barabara. Misingi yake ilisawazishwa, linta zake zimelala, kwa hiyo zinaendelea kuelekea upeo wa kweli. Hiyo tofauti kati ya barabara na nyumba ndiyo inayolifanya jicho liamini kwamba hapa kuna mteremko. Anayezitupa zote kwenye nukta moja anapata mtaa tambarare, na mtaa huo si wa Songea.

Nyumba zisizoelekeana, kila moja ina nukta zake mbili. Kumi zilizojengwa kwa kufuata njia za miguu zinaweza kuwa na nukta ishirini kwenye picha moja, na zote zikapangana juu ya upeo uleule. Idadi hiyo isikutishe. Tafuta upeo kwanza, halafu ishughulikie nyumba moja moja.

Je, wajua kwamba migongo ya mabati haielekei upeo? Ukingo wa chini wa paa na kofia yake ya juu vinalala sawa na kozi za ukuta mrefu, hivyo vinakwenda kwenye nukta ileile ya ukuta huo. Migongo ya bati inapanda. Ile inayopanda ikikuacha hukutana hewani, wima kabisa juu ya nukta ya ukuta mfupi wa ubavuni, ule wenye pembetatu. Ipate nukta hiyo na paa litakaa juu ya nyumba badala ya kuelea.

Kwa nguzo za umeme zilizosimikwa kwa nafasi sawa, huhitaji kukisia. Chora nguzo ya kwanza na ya pili kama zilivyo kwenye picha. Unganisha vichwa vyao, unganisha nyayo zao. Mistari hiyo miwili inaelekea nukta moja. Sasa vuta mstari kutoka kichwa cha nguzo ya kwanza, upite katikati ya nguzo ya pili, hadi uguse mstari wa nyayo. Hapo ndipo nguzo ya tatu inaposimama. Rudia kwa ya nne. Njia hiyohiyo inafaa kwa nguzo za baraza, fremu za maduka zilizopangana, na hata safu za nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Kupata katikati ya ukuta unaokwenda mbali ni rahisi zaidi: piga msalaba kutoka pembe hadi pembe. Makutano ndiyo katikati yake ya kweli, ingawa rula itakwambia vingine.

Simu inadanganya, na ni vizuri kujua inadanganya wapi. Lenzi pana, ile ya alama ya 0.5, huweza kupinda mistari iliyo karibu na kingo za picha. Laza rula kwenye ukingo wa paa. Ukiona mwanga kati ya rula na paa, mstari umepinda na usiuvute. Tumia mistari ya katikati. Picha ndefu ya kuzungusha simu haina nukta moja kabisa, maana ilipigwa kwa macho mengi mfululizo. Ukiinua simu kuelekea juu, tuseme umesimama chini ya ukuta wa kanisa kubwa la abasia ya Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, basi hata mistari ya wima itaanza kukaribiana. Hiyo ni nukta ya tatu, angani. Ichore kama unataka urefu uhisiwe. Iondoe kwa timazi kama unachora jengo kwa ajili ya fundi.

Kuvuta karibu kwa zumu hakubadilishi namna mistari inavyokutana. Kusogea kwa miguu ndiko kunakobadilisha. Sogea karibu na ukuta, mistari inashuka kwa kasi. Rudi nyuma, inatulia.

Je, wajua kwamba tundu la msumari kwenye bati ni kamera? Ingia mchana kwenye nyumba isiyo na dari, uangalie sakafuni. Doa la mwanga ni la duara hata kama tundu lina pembe, kwa sababu doa hilo ni picha ya jua lenyewe. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kitabu kikubwa cha elimu ya macho, Kitab al-Manazir, akaeleza kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka na kuingia jichoni kutoka kwenye vitu. Bila jambo hilo, rula yako isingekuwa na kazi yoyote juu ya picha.

Karne nne baadaye, Filippo Brunelleschi wa Florence alichora jengo la ubatizo la mji wake kwenye ubao, akatoboa tundu mahali mistari ilipokutana, akamtaka mtazamaji achungulie kutoka nyuma ya ubao huku ameshika kioo mbele. Nukta ya kutokomea na jicho la mtu vikawa vimetazamana uso kwa uso. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaandika kanuni zake kitabuni.

Na uzi? Masaccio, alipochora Utatu Mtakatifu kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella mnamo 1427, alitumia misumari na kamba, na alama zake bado zinaonekana kwenye plasta. Kwenye michoro kadhaa ya Johannes Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17, kuna kitundu kidogo cha pini palepale kwenye nukta ya kutokomea. Inaaminika alifunga hapo uzi uliopakwa chaki, akauvuta na kuuachia. Fundi mwashi wa Msamala anayenyoosha kozi zake kwa uzi kutoka kona hadi kona ameshika chombo hichohicho.

Je, wajua kwamba mchoraji mashuhuri zaidi aliyezaliwa mkoa wa Ruvuma hakutumia hata mmoja wa mistari hii? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, akafariki mwaka 1972. Wanyama wake wamesimama mbele ya rangi tupu, bila upeo wala nukta, na mtindo huo ukalibeba jina lake duniani kote. Mchoraji Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na baadaye shule ya sanaa ya Slade mjini London, alizijua kanuni za Ulaya vizuri kabisa. Hata hivyo alipanga vilima na watu wake mmoja juu ya mwingine, kila mmoja akionekana. Nasema hivi kwa sababu kuna walimu wanaoitazama michoro ya namna hiyo kama kazi isiyokamilika. Imekamilika. Mistari ya kina inajibu swali moja tu: mtazamaji alisimama wapi. Mchoraji ambaye swali lake ni jingine hana deni nalo. Lakini ukichora kwa kufuata picha ya simu, swali hilo limeshaulizwa na kamera kabla yako, na lazima ulijibu.

Vivuli navyo vina nukta yao. Jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, vivuli vya nguzo kwenye ardhi tambarare vinakimbilia nukta moja iliyo kwenye upeo, na kivuli cha mpiga picha mwenyewe kinaelekea hukohuko. Jua likiwa mbele na linaonekana pichani, shusha mstari wa wima kutoka kwenye jua hadi kwenye upeo: vivuli vyote vinatokea hapo.

Na kwa kuwa Songea iko nyuzi 10 na dakika 40 hivi kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za karibu na tarehe 21 Februari na 21 Oktoba, kati ya saa sita na robo na saa saba mchana. Wakati huo nguzo hazina kivuli kabisa, na kuta zinapoteza upande wa mwanga na upande wa giza. Picha ya kuchorea ipige saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, mistari ya kozi ikiwa imechongwa na jua la upande.